GRCh37, GRCh38, T2T-CHM13 au panjenomu: utumie ramani ipi ya DNA ya binadamu?

Badiliko la herufi moja linalosababisha selimundu liko kwenye kromosomu ya 11. Mahali gani hasa? Faili moja itakujibu nafasi ya 5,248,232, nyingine itakujibu 5,227,002, na zote mbili zinasema kweli. Jeni ni ileile, HBB, herufi ni ileile na ugonjwa ni uleule. Kinachotofautiana ni ramani iliyotumika kuhesabu: ya kwanza ni GRCh37, ya pili ni GRCh38, na kati ya majibu yao kuna pengo la nafasi 21,230.

Anayeanza kuchambua DNA ya binadamu hukutana na swali hili mapema sana, kwa sababu programu karibu zote za kazi hii hudai kwanza jenomu rejea, yaani mfuatano mmoja wa kulinganishia kila kitu kingine. Majibu yanayotumika kwa dhati leo ni manne. Watu wengi huchagua kwa mazoea ya maabara yao, wengine kwa kudhani kwamba jipya ni bora kwa kila kitu. Sikubaliani na njia yoyote kati ya hizo mbili. Swali la kwanza ni sehemu gani ya jenomu unaichunguza. La pili, ambalo husahaulika zaidi, ni nani utalazimika kuelewana naye kwa namba.

Zilikotoka

Ramani ya kwanza kabisa ya jeni haikuwa na herufi hata moja ya DNA. Mwaka 1913 Alfred Sturtevant, mwanafunzi katika maabara ya Thomas Hunt Morgan, alipanga jeni sita za nzi wa matunda kwenye mstari mmoja kwa kupima ni mara ngapi sifa mbili hurithiwa pamoja. Sifa zikiandamana mara nyingi, jeni zake ziko jirani. Zikiachana mara nyingi, ziko mbali.

Kwa binadamu njia hiyo ilikwama kwa muda mrefu, maana watu hawazalishwi kwa majaribio na sifa za kufuatilia ndani ya familia zilikuwa chache. Mlango ulifunguka mwaka 1980, David Botstein, Ray White, Mark Skolnick na Ronald Davis walipopendekeza kwamba tofauti ndogo za DNA zenyewe zitumike kama alama za njiani. Miaka mitatu baadaye, James Gusella na wenzake, wakitegemea familia za kando ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela ambazo Nancy Wexler alikuwa akizifuatilia, waliuweka ugonjwa wa Huntington kwenye kromosomu ya 4. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1993. Miaka kumi ilipita kati ya kujua mtaa na kuiona nyumba. Anayetaka kuelewa kwa nini wanasayansi walidai mfuatano kamili wa herufi aitazame miaka hiyo kumi.

Kusoma herufi kuliwezekana baada ya njia ya Frederick Sanger ya mwaka 1977. Mwaka 1981 DNA ya mitokondria ya binadamu, herufi 16,569, ilisomwa yote huko Cambridge. Mradi wa Jenomu ya Binadamu ulianza mwaka 1990. Mwaka 1996, mkutano wa Bermuda ulikubaliana kwamba mfuatano uwekwe wazi kwa umma ndani ya saa 24. Kampuni ya Celera ya Craig Venter iliingia mashindanoni mwaka 1998, rasimu ikatangazwa Juni 26, 2000, na makala za pande zote mbili zikachapishwa Februari 2001. Aprili 2003 ukamilifu ulitangazwa.

Lakini neno "ukamilifu" lilikuwa na mipaka yake, na waliofanya kazi hiyo hawakuificha. Makala yao ya mwaka 2004 ilieleza herufi bilioni 2.85 zinazofunika takriban asilimia 99 ya yukromatini, yaani sehemu zilizolegea zenye jeni nyingi, huku mapengo 341 yakibaki. Sentromea, yaani pale kromosomu inapobanwa, na maeneo mengine yenye marudio mengi hayakuhesabiwa ndani ya asilimia hiyo. Kila ramani tunayolinganisha hapa ilizaliwa kujaza kitu kilichobaki wakati ule.

Vigezo

Nitazipima zote nne kwa mambo matano: kilichomo na kinachokosekana, DNA ya nani imo, maarifa yaliyokwisha kujengwa juu yake, kwa maana ya hifadhidata, maelezo ya jeni na matokeo ya tafiti, mzigo wa kuitumia kwa zana na kompyuta, na inamfaa nani. Kigezo cha tatu ndicho kizito kuliko vyote kwa watu wengi, ingawa ndicho kisichovutia hata kidogo kukisimulia.

GRCh37, au hg19

*Kilichomo.* Ilitolewa Februari 2009. Ni matokeo ya Mradi wa Jenomu yaliyosafishwa, mapengo mengi madogo yakiwa yamezibwa. Sentromea bado ni nafasi tupu zilizojazwa herufi N, alama ya "hatujui". Kiraka chake cha mwisho (kiraka ni marekebisho yasiyohamisha namba), p13, kilitoka mwaka 2013, kwa hiyo kosa lililobaki humo litabaki humo.

*DNA ya nani.* Ni mchanganyiko wa vipande vya watu kadhaa, lakini mchanganyiko usio sawa. Sehemu kubwa, kiasi cha asilimia 70, inatoka kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina la maktaba ya vipande vyake tu, RP11. Alikuwa mmoja wa waliojitolea baada ya tangazo la gazeti la The Buffalo News mwezi Machi 1997. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa ana asili ya Afrika na ya Ulaya kwa pamoja. Matokeo ya mchanganyiko huu ni kwamba ukitembea kando ya kromosomu moja unaweza kuvuka kutoka mtu mmoja kwenda mwingine bila kuambiwa, na mpangilio wa tofauti unaouona mpakani huenda haujawahi kuwapo katika mwili wa mtu yeyote.

*Maarifa juu yake.* Mengi mno. Awamu ya tatu ya Mradi wa Jenomu 1000, iliyochapishwa mwaka 2015 na watu 2,504 kutoka makundi 26, iko kwenye namba za GRCh37. Toleo la pili la gnomAD, hifadhidata inayokusanya tofauti za DNA za watu wengi, liko humo pia. Tafiti za miaka mingi zinazotafuta uhusiano wa tofauti za DNA na magonjwa zilichapisha jedwali zao kwa namba hizi, na nyingi hazitarudiwa kamwe.

*Mzigo wake.* Mwepesi kwa kompyuta, ila una mitego ya majina. Hg19, jina linalotumiwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, huandika "chr1" pale ambapo faili nyingine za GRCh37 huandika "1" peke yake, na programu isiyoonywa itakuambia hakuna kilicholingana. Mtego mkubwa zaidi uko kwenye mitokondria. Hg19 ya asili ilibeba mfuatano wa mitokondria wenye herufi 16,571, ambao si ule uliorekebishwa wa Cambridge wenye herufi 16,569 unaotumiwa na karibu kila mtu. Anayechunguza ugonjwa wa mitokondria kwa faili hiyo bila kujua atapata namba zisizooana na kitabu chochote cha kitabibu.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye data ya zamani inayopaswa kuendelea kulingana na yenyewe. Inamfaa pia mwenye maabara ya kitabibu ambayo utaratibu wake wote umethibitishwa juu ya ramani hii na bado hajamaliza kuthibitisha mwingine. Kuiita "imepitwa na wakati" ni rahisi kwa mtu asiyewajibika kwa majibu ya wagonjwa.

GRCh38, au hg38

*Kilichomo.* Ilitoka Desemba 2013. Ilisahihisha maelfu ya makosa ya herufi mojamoja, ikapanga upya maeneo yaliyokuwa yamegeuzwa, na kwa mara ya kwanza ikaweka kwenye sentromea mifuatano iliyokadiriwa kwa hesabu badala ya utupu. Hata hivyo, herufi zisizojulikana zilibaki takriban milioni 151. Kiraka cha 14 kilitolewa mwaka 2022, na kikundi kinachoitunza kimeahirisha bila kutaja tarehe toleo ambalo lingebadilisha namba, GRCh39. Maana yake kwa mtumiaji ni njema: namba za GRCh38 hazitahama chini ya miguu yako.

Lakini isidhaniwe kwamba kila badiliko lilikuwa la kheri. Kwenye kromosomu ya 21 GRCh38 iliingiza nakala za uongo, vipande vilivyoandikwa mara mbili ilhali kwa binadamu viko mara moja. Humo zimenaswa jeni za CBS, CRYAA na KCNE1. Ya kwanza huhusishwa na homosistinuria, ya pili na mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, ya tatu na hitilafu za mapigo ya moyo. Kipande cha DNA ya mgonjwa kinapokuja, programu inaona nyumba mbili zinazofanana, inashindwa kuamua kiingie ipi, na tofauti iliyomo inapotea kimya kimya. Mwenye GRCh37 hakukumbana na tatizo hili kwenye jeni hizo. Tiba ipo: tumia toleo la GRCh38 ambalo nakala hizo za uongo zimefunikwa.

*DNA ya nani.* Kwa sehemu kubwa ni watu walewale wa GRCh37, RP11 akiwa bado nguzo. Kilichoongezwa ni mifuatano mbadala 261 kwa maeneo ambayo watu hutofautiana sana, likiwamo eneo la HLA la kinga ya mwili kwenye kromosomu ya 6. Wazo lilikuwa zuri na liliutangulia wakati wake, kwa kuwa programu nyingi hazikujua kuyasoma mbadala hayo na ziliyachukulia kama sehemu nyingine za jenomu, zikaleta mkanganyiko uleule wa nyumba mbili.

*Maarifa juu yake.* Hapa ndipo inapozishinda nyingine zote kwa sasa. Toleo la nne la gnomAD, la mwaka 2023, limekusanya watu 807,162 kwenye GRCh38. Mpango wa MANE, ambao taasisi mbili kubwa za Marekani na Ulaya zilikubaliana kupitia huo juu ya nakala moja rasmi ya RNA ya kila jeni kwa matumizi ya kitabibu, umejengwa juu yake. Sampuli za Mradi wa Jenomu 1000 zilisomwa upya kwa kina, safari hii 3,202, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022 kwa namba zake. ClinVar, hifadhidata ya tofauti zenye maana kwa ugonjwa, hutoa namba za GRCh37 na za GRCh38 pamoja.

*Mzigo wake.* Wa wastani. Kosa la kawaida ni kupakua faili isiyofaa, kwa sababu zipo nyingi zenye jina moja. Kama programu yako haijui mifuatano mbadala, chukua faili ya uchambuzi isiyo na mbadala, ambayo pia imefunika maeneo ya kromosomu Y yanayofanana kabisa na ya X.

*Inamfaa nani.* Anayeanza mradi mpya wa kitabibu au wa idadi kubwa ya watu, na atakayehitaji kuuliza "je, tofauti hii imewahi kuonekana kwa watu wengine?" Swali hilo lina jibu nono zaidi hapa kuliko kwingineko.

T2T-CHM13

*Kilichomo.* Karibu kila kitu. Kikundi cha T2T kilichoongozwa na Karen Miga na Adam Phillippy, pamoja na watafiti wengi akiwamo Evan Eichler, kilimaliza kwanza kromosomu X mwaka 2020, kisha mwaka 2022 kikachapisha jenomu yenye herufi bilioni 3.055 bila pengo kutoka ncha hadi ncha kwa kromosomu zote isipokuwa Y. Iliongeza karibu herufi milioni 200 ambazo hazikuwapo awali: sentromea zote, mikono mifupi ya kromosomu za 13, 14, 15, 21 na 22, na nakala nyingi za jeni zinazofanana. Jeni 99 kati ya zilizokadiriwa humo zinadhaniwa kutengeneza protini.

Inafaa kueleza ilivyowezekana, maana ndipo pia ulipo udhaifu wake. Mtu wa kawaida ana nakala mbili za kila kromosomu, na kuunganisha vipande vyenye marudio mengi huku nakala mbili zikichanganyikana ni kazi ngumu mno. Seli za CHM13 zilitokana na mimba zabibu, ambapo yai lisilobeba DNA ya mama hurutubishwa na DNA ya baba ikajirudufu. Nakala zote mbili zikawa sawasawa. Juu ya hapo zikaja mashine zinazosoma vipande virefu: PacBio yenye vipande vya maelfu ya herufi kwa usahihi mkubwa, na Oxford Nanopore inayoweza kuvuka herufi 100,000 kwa kipande kimoja. Vipande vifupi vya takriban herufi 150, vilivyotawala muongo uliotangulia, visingeweza kamwe kuvuka sentromea, ambapo kipimo kimoja cha herufi 171 hivi hurudiwa maelfu ya mara.

*DNA ya nani.* Chanzo kimoja tu, chenye asili ya Ulaya kwa sehemu kubwa, kisicho na kromosomu Y. Y iliyoongezwa kwenye toleo la 2.0 ni ya mtu mwingine, HG002. Ilichapishwa Agosti 2023 ikiwa na herufi 62,460,029, na zaidi ya milioni 30 kati yake hazikuwamo katika GRCh38. Kwa hiyo ramani hii imekamilika kwa urefu, ila upana wake ni mdogo. Hiyo si lawama kwa waliofanya kazi, kwani bila chanzo cha aina hiyo wasingemaliza.

*Maarifa juu yake.* Yanakua. Utafiti wa mwaka 2022 uliopitisha sampuli 3,202 kwenye ramani hii uliondoa makumi ya maelfu ya tofauti bandia kwa kila sampuli, na katika jeni 269 zenye umuhimu wa kitabibu ulipunguza majibu ya uongo hadi mara 12. Matokeo hayo si madogo. Maelezo ya jeni ya hifadhidata za RefSeq na Ensembl yapo. Lakini maarifa mengi ya kitabibu yamehamishwa humo kutoka GRCh38 kwa hesabu, hayakuzaliwa humo. Na kwenye maeneo mapya kabisa hakuna cha kuhamisha. Ukipata tofauti ndani ya sentromea, huenda usipate wa kukuambia ina maana gani.

*Mzigo wake.* Faili ni moja iliyo safi, bila mbadala wala viraka, jambo linalopendeza sana. Ndani ya kivinjari cha jenomu cha Santa Cruz inaitwa hs1. Mzigo halisi uko kwenye usomaji: ukiwa na vipande vifupi tu, maeneo mengi mapya yatabaki hayasomeki kwa uhakika hata ramani ikiwa kamili.

*Inamfaa nani.* Mtafiti wa sentromea, wa marudio, wa jeni zenye nakala nyingi, na yeyote mwenye vipande virefu. Pia inamfaa anayetafuta chanzo cha ugonjwa ambao umechunguzwa kwa GRCh38 bila kupata kitu.

Panjenomu

*Kilichomo.* Hii si mstari mmoja bali ni mtandao wa njia: watu wanapofanana njia ni moja, wanapotofautiana njia hugawanyika kisha kuungana tena. Rasimu ya kwanza ilichapishwa Mei 2023 katika jarida la Nature ikiwa na jenomu za watu 47, yaani nakala 94. Iliongeza herufi milioni 119 za maeneo yanayotofautiana kati ya watu, pamoja na nakala za ziada za jeni 1,115, ukilinganisha na GRCh38. Lengo la mwanzo lilikuwa watu 350, na data ya zaidi ya watu 200 ilitolewa mwaka 2025.

*DNA ya nani.* Ya wengi, na hapo ndipo penye uzito wake wa kisayansi na wa haki. Utafiti mmoja uliochunguza watu 910 wenye asili ya Afrika ulikuta takriban herufi milioni 296.5 ambazo hazimo kabisa katika jenomu rejea. Mwingine wa mwaka 2020, wa mtandao wa H3Africa, ulisoma jenomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha na utamaduni barani Afrika, ukapata tofauti zaidi ya milioni tatu zisizojulikana awali. Ramani ya mstari mmoja, hata iwe kamili kiasi gani, haina mahali pa kuweka kitu ambacho mtu wake hakuwa nacho. Kipande kama hicho kikija, programu hukitupa au hukilazimisha mahali pasipo pake. Ninaliona jambo hili kuwa zito kuliko mapengo yote 341 ya mwaka 2004, maana mapengo yalionekana na kuhesabiwa, ilhali huyu aliyekosekana haonekani hata kwenye orodha ya makosa.

*Maarifa juu yake.* Bado machanga. Hakuna hifadhidata ya kitabibu iliyozaliwa kwenye panjenomu kwa ukubwa wa zile za GRCh38. Ahueni ni kwamba si lazima uhame nyumba: mitandao ya rasimu ilitengenezwa kwa matoleo mawili, moja likiwa na GRCh38 kama uti wa mgongo na jingine CHM13, na matokeo yanaweza kuandikwa kwa namba za GRCh38 mwishoni. Waandishi wa rasimu walionyesha kwamba njia hiyo ilipunguza makosa ya tofauti ndogo kwa asilimia 34, na kuongeza tofauti kubwa za muundo zinazopatikana kwa kila nakala kwa asilimia 104.

*Mzigo wake.* Mkubwa kuliko wa nyingine zote, hasa kwa kichwa cha mtumiaji. Programu kama Giraffe imeleta kasi inayokaribiana na ya ramani za mstari, lakini miundo ya faili ni mipya, zana zinabadilika haraka, na nafasi kwenye mtandao haielezeki kwa namba moja kirahisi.

*Inamfaa nani.* Anayesoma watu wa makundi ambayo ramani za zamani haziyawakilishi vyema, anayechunguza HLA, na anayetafuta tofauti kubwa za muundo. Awe na mtu wa kutunza zana.

Jeni moja moja, ramani nne

Tuchukue mifano mitatu. Kwa selimundu na HBB, ramani zote nne zitakupa jibu lilelile la kitabibu. Usijisumbue kuhama kwa sababu hiyo. Kwa KCNE1, GRCh37 na CHM13 ni salama, na GRCh38 inahitaji toleo lililofunikwa. Kwa HLA, mstari wowote mmoja unapunja, mbadala za GRCh38 zinasaidia kidogo kwa anayejua kuzitumia, na panjenomu inaongoza.

Kuhamisha namba kutoka ramani hadi ramani kwa zana kama liftOver kunawezekana, na kwa maeneo tulivu hufanya kazi vizuri. Hata hivyo baadhi ya nafasi hazina pa kwenda, na pengine herufi iliyokuwa "rejea" kwenye ramani moja ndiyo "tofauti" kwenye nyingine. Pale ambapo jibu litamfikia mgonjwa, ni heri kupachika upya vipande vya asili kwenye ramani mpya kuliko kuhamisha orodha ya namba.

Kulingana na hali yako

Kama unaendeleza utafiti wa miaka mingi na wenzako wote wako GRCh37, baki huko hadi mkubaliane kuhama pamoja. Nusu timu kuhama ni hatari zaidi kuliko wote kuchelewa.

Kama unaanza leo, una vipande vifupi na unatafuta chanzo cha ugonjwa wa kurithi, anza na GRCh38 isiyo na mbadala na yenye nakala za uongo zilizofunikwa. Usipopata kitu, pitisha data ileile kwenye CHM13 kabla ya kutamka kwamba hakuna kitu.

Kama una vipande virefu, sioni sababu ya kuanza na chochote pungufu ya CHM13, ukiweka GRCh38 kando kwa ajili ya kuuliza hifadhidata.

Kama unasoma makundi ya watu ambayo hayajasomwa sana, panga muda wa kujifunza panjenomu tangu unapoandika pendekezo la mradi, na uandike matokeo yako kwa namba za GRCh38 ili wengine wayafikie.

Kama wewe ni mwanafunzi unayejifunza tu, chukua GRCh38, kwa sababu mafunzo mengi yanaitumia, kisha fungua sentromea ya kromosomu moja kwenye CHM13 uone kilichokuwa kimefichwa nyuma ya herufi N za GRCh37.

Na kama umepewa faili na hujui ilitengenezwa kwa ramani ipi, angalia urefu wa kromosomu ya 1 kwenye kichwa chake. Herufi 249,250,621 ni GRCh37, 248,956,422 ni GRCh38, na 248,387,328 ni CHM13 toleo la 2.0. Ukikuta ya kwanza, angalia na mitokondria: ikiwa na herufi 16,571, una hg19 ya asili, na matokeo yote ya mitokondria yapachikwe upya kabla ya kumpa mtu yeyote.